Msuguaji wa Harbin na mgeni aliyeitwa Mama

Saa tatu asubuhi jua la Harbin limeshachomoza, lakini ni la mapambo tu. Nje ni nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri na Mto Songhua umeganda kiasi cha kupitisha lori. Ndani ya bafu la umma la Chemchemi Pacha, Luan Yaqin amevaa kaptula na fulana isiyo na mikono, jasho linamchuruzika, na anaita wateja kwa sauti ya kusimamisha treni.

“Arobaini na mbili! Umelowa?”

Msichana mwenye namba arobaini na mbili anatokea kwenye mvuke akiwa amejifunga taulo mbili, moja kifuani na nyingine kiunoni. Ametoka Guangzhou jana. Ni mara yake ya kwanza kuona theluji, na mara yake ya kwanza kuvua nguo mbele ya watu asiowajua.

“Shangazi, siwezi kubaki na taulo?”

“Kwenu mnaoga na makoti?” Yaqin anamuuliza, na wanawake waliolala kwenye vitanda vya jirani wanaangua kicheko. “Lala, mwanangu. Nimeona migongo mingi kuliko nyuso ulizowahi kuona wewe. Wako hauna jipya.”

Anamwaga ndoo ya maji moto juu ya kitanda cha plastiki, anatandika nailoni safi, anavaa glavu yake ya kukwaruza na kuanza kazi: shingo, mabega, mgongo, hadi nyuma ya magoti. Kofi moja jepesi ubavuni maana yake geuka. Makofi mawili maana yake inuka ukajimwagie maji. Mzaliwa wa mji huu anaijua lugha hiyo tangu utotoni, ila viazi vidogo hudhani wanapigwa.

Viazi vidogo ndio wageni wa kusini. Watu wa Harbin wamewapa jina hilo kwa sababu ni wafupi, wamejaa ndani ya makoti mapya yaliyovimba, na hutembea kwa mafungu wakishikana mikono wasianguke.

“Tazama,” Yaqin anamwambia msichana, akimwonyesha nongo zilizoviringika mkononi kama tambi. “Umezibeba kwa ndege toka Guangzhou. Umezilipia nauli!”

Msichana anafunika uso. Anacheka sasa, na taulo zote mbili ziko sakafuni.

Yaqin ana umri wa miaka hamsini na minne. Kazi hii aliianza baada ya kiwanda cha kitani alichokuwa akifanyia kazi kufungwa, na binti yake wa pekee, Pang Xue, alikuwa bado shule ya msingi. Kwa kila mgongo yeye hubaki na yuan kumi na tano. Majira kama haya, wageni wanapofurika, huweza kusugua watu thelathini kwa siku. Kidole gumba cha mkono wa kulia hakikunji tena sawasawa, na asubuhi za baridi kali mumewe humfungia vifungo vya koti.

Kazi anaipenda. Wageni ndio wanaomtia moto moyoni.

“Nawaonea wivu. Unataka niseme nini? Wivu mtupu,” anamwambia mwandishi wa makala haya, akisuuza glavu. “Huu mji umeshikwa na wazimu. Njia za chini ya barabara zimetandikwa mazulia wasiteleze. Mimi nimeteleza humo miaka hamsini na mifupa nimevunja, hakuna aliyetandika hata gunia. Sasa angalia pea.”

Pea za kugandishwa, nyeusi na ngumu kama jiwe, ndilo tunda la majira haya. Mtu huzitia kwenye beseni la maji baridi hadi zilegee, akaitoboa moja kwa meno na kuinyonya akiwa ameinama, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko.

“Ndivyo alivyokula bibi yangu na ndivyo ninavyokula mimi. Juzi napita Mtaa wa Kati, naona pea imekatwakatwa vipande, imepangwa kwenye sahani kama ua, na uma juu yake! Nikamwambia muuzaji, ‘Kaka, na mimi nikatie.’ Akaniangalia. Akasema, ‘Dada mkubwa, wewe si una meno?’”

Hata nyumbani hana pa kukimbilia. Mumewe, Pang Dehai, ni dereva wa teksi, na tangu wageni waanze kumiminika amejifunza kuongea kama mtangazaji wa redio. Huwafungulia mlango. Huwawekea joto la kiti. Akiona msichana anatetemeka kituoni humpakia bure.

“Wao anawaita ‘hazina zangu za kusini’. Mimi na yeye tumeoana miaka thelathini, na jina langu ni ‘Wewe’.”

Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yaqin anauliza yeye amepona nini.

Lakini wivu huo wa pea na mazulia ni wa kuchekea, na mwenyewe anaucheka. Uliompeleka pabaya ni mwingine. Ulimfika Januari, ukiwa umevaa koti la rangi ya waridi.

Xue aliolewa kusini, Nanning, miaka mitatu iliyopita, na huko anafundisha chekechea. Harusini mama yake hakwenda, kwa sababu alikuwa amevunjika mkono kwenye moja ya hizo njia zisizo na mazulia. Alimfahamu mama mkwe wa binti yake, Tan Yuelan, kwa simu ya picha tu: uso wa duara, miwani, sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

Kiangazi kilichopita Xue akapata mimba. Hapo ndipo simu za jioni zilipoanza kuwa na miiba.

Kwa mila, mwanamke aliyejifungua hukaa mwezi mzima ndani. Hagusi maji baridi wala kufungua dirisha, na analishwa na kuoshwa na mtu mmoja mwenye mamlaka yote. Mtu huyo ndiye anayempokea mtoto mikononi mwa muuguzi, ndiye anayemwogesha, na ndiye anayekumbukwa. Yaqin alitaka awe yeye. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi ni yeye. Lakini nyumba ni ya kusini, chumba cha akiba ni kimoja tu, na mama mkwe yuko hapo hapo, mtaa wa pili.

“Mwanamke akijifungua anahitaji uji wa mtama na sukari guru na mayai ya kuchemsha,” anasema Yaqin. “Huko wanampa miguu ya nguruwe kwenye siki. Siki! Mtu katoka kuzaa!”

Januari, Xue alipopiga simu kusema anakuja nyumbani kwa siku nne, mama alifua shuka na kuhamishia virago vyake sebuleni. Kisha Xue akaongeza kwamba anakuja na mama mkwe. Ndiye aliyeitamani Harbin. Hajawahi kuona barafu nje ya jokofu.

“Na hatutalala nyumbani, Mama. Tumechukua hoteli karibu na Mtaa wa Kati. Anataka kuona taa.”

Yaqin akazikunja shuka tena.

Uwanja wa ndege walikwenda wote wawili, yeye na Dehai. Xue alitokea kwenye mlango wa wageni, tumbo limeshatangulia mbele, mkononi ameshika kofia ya manyoya.

“Mama!” akaita. “Mama, kofia!”

Yaqin hakuwa na kofia kichwani. Aliisahau garini kwa haraka. Akasogea, akainamisha kichwa kidogo ili binti amvalishe. Xue akampita. Mama aliyekuwa akiitwa alikuwa nyuma ya nguzo, ndani ya koti la rangi ya waridi, akipiga picha sanamu ya dubu.

“Nikajifanya natafuta hereni imedondoka,” Yaqin anasimulia. “Sikuwa na hereni.”

Mila ndivyo ilivyo, mwanamke aliyeolewa humwita mama mkwe “Mama”. Yaqin mwenyewe alimwita mama yake Dehai hivyo hivyo miaka kumi na tisa, wala hakuwahi kujiuliza mama yake mzazi alijisikiaje.

Xue alikuwa amepanga ratiba yote kwenye simu. Siku ya kwanza, Kanisa la Sofia na kuba lake la kijani, picha za kuvaa kama malkia, aiskrimu ya kijiti ikiliwa barabarani kwenye baridi. Siku ya pili, soko la asubuhi, kusuguliwa bafuni, kisha samaki wa chungu cha chuma. Siku ya tatu, mji wa majumba yaliyochongwa kwa barafu na mtelezo wake mrefu. Siku ya nne, mto.

“Nikaisoma mara mbili,” anasema. “Kumbe na mimi ni kivutio. Nimewekwa kati ya soko na samaki.”

Siku ya kwanza alitembea nyuma yao Mtaa wa Kati akibeba mifuko. Aliona dereva wa gari la farasi akimpandisha Tan Yuelan bure. Aliona muuza soseji akimkatia kipande aonje, halafu kipande kingine, halafu kumwambia, “Mama wa kusini, meno yako mazuri, kula!” Aliona pea kwenye sahani. Na aliona binti yake akimfunga mama mkwe skafu, akiizungusha mara mbili na kuchomekea ncha ndani ya kola. Namna hiyo ya kufunga skafu ni yake Yaqin. Alimfundisha Xue akiwa na miaka minne.

“Huo mkono ni wangu,” anasema. “Nimeutengeneza mimi. Halafu unamfunga mtu mwingine.”

Siku ya pili, saa tano, wakaja Chemchemi Pacha.

Xue kwa sababu ya mimba hakuruhusiwa kuingia kwenye mvuke, akabaki ukumbini akila mbegu za alizeti. Mama mkwe akaingia peke yake. Alivua miwani, akavua nguo nyuma ya mlango wa kabati, akasimama amejikunyata kwenye kona ya bomba la mvua, kwa aibu. Bwawani hakuingia. Wanawake ishirini uchi kama walivyozaliwa walikuwa wamekaa humo wakiongea habari za bei ya kabichi, naye hakuweza kujiunga.

Hapa inabidi msomaji aijue sheria moja ya wasuguaji, ambayo hata mtoto wa Harbin anaijua. Asiyelowa halali kitandani. Ngozi lazima ikae kwenye maji ya moto hadi vidole vikunjamane, ndipo nongo zilegee na glavu iteleze. Ngozi kavu haisuguliwi. Ngozi kavu huchubuka.

Tan Yuelan alimsogelea Yaqin kitandani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwa ile sauti yake laini:

“Mzazi mwenzangu, nilitaka kukutuliza moyo. Mwezi wa tano usiwe na wasiwasi hata kidogo. Tangawizi nimeshanunua, chumba nimeshapaka rangi. Nitamtunza kama wangu. Wewe umefanya kazi ngumu maisha yako yote. Pumzika tu.”

Alikuwa na nia njema. Yaqin anakiri hivyo leo. Siku ile alisikia neno moja tu, pumzika, likamwingia kama maji ya barafu sikioni.

“Mkono alionishikia ulikuwa mkavu kama karatasi,” anasema. “Niliona. Nisikudanganye. Miaka yote hii mkono mkavu naujua nikiwa nimefumba macho. Nikamwambia, ‘Lala, mzazi mwenzangu.’”

Akamsugua. Akamsugua kusini kote na kaskazini yake. Mgeni hakulia. Aliuma ncha ya taulo, akidhani ndivyo kunavyokuwa.

Kutoka kitanda cha pili, mwenzake wa kazi, Sui Guixia, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na breki, aligeuza shingo.

“Yaqin, unasugua mtu au sufuria?”

“Angalia kitanda chako.”

“Naangalia. Wangu hajageuka kamba wa kuchemsha.”

Yaqin alipoinua mkono aliona mgongo wa mama mkwe wa binti yake una michirizi myekundu, na sehemu mbili begani ngozi imetoka vitone vya damu. Akamwagia maji ya uvuguvugu. Tan Yuelan akainuka polepole, akasema asante.

Jioni walikaa kwenye meza ya chungu cha chuma. Samaki wa mtoni alikuwa akichemka katikati, mikate ya mahindi imebandikwa ukingoni, wahudumu wakiimba kuwakaribisha wageni. Tan Yuelan aliketi kwenye ncha ya kiti, mgongo haugusi popote. Mhudumu alipompiga begani kwa furaha, kijiko kikamtoka.

Xue akamwinulia kola akatazama. Kisha akamtazama mama yake.

“Miaka yote hiyo hujawahi kumchubua mteja hata mmoja.”

“Ngozi ya kusini ni laini. Mimi nitajuaje?”

“Mama, alilowa?”

Yaqin akachovya mkate kwenye mchuzi.

“Nimekuuliza. Alilowa?”

“Hakulowa,” Tan Yuelan akadakia. “Kosa ni langu. Niliona haya.”

“Yeye hajui sheria. Wewe unaijua.” Xue akasukuma bakuli lake kando. “Umefanya makusudi. Mtu amesafiri nchi nzima kuja kukuona, umemfanyia hivyo kwa kijicho. Basi mwezi wa tano usije. Sitaki vita juu ya kitanda changu. Usije kabisa.”

Dehai, ambaye siku nzima alikuwa na maneno kwa kila kiazi kilichopanda teksi yake, aliinamia samaki na kuanza kuhesabu miiba.

Usiku ule Yaqin hakulia. Alitandika zile shuka zilizofuliwa, akazilalia mwenyewe, na ilipofika asubuhi akaenda kazini kwa miguu ingawa mumewe alikuwa na gari. Siku ya tatu ya ratiba haikuwa na jina lake. Siku hiyo ilikuwa ya mji wa barafu.

Alikuwa anamwaga maji kwenye kitanda cha kwanza aliposikia Guixia akipiga mluzi.

“Yaqin, kamba wako amerudi.”

Tan Yuelan alikuwa bwawani. Amekaa katikati ya wanawake wa kabichi, maji hadi shingoni, macho ameyafumba, uso mwekundu. Dehai ndiye aliyemleta kwa teksi. “Msaliti yule,” anasema Yaqin. Alikaa humo muda mrefu hadi mwanamke mmoja akamshauri atoke asije akaiva. Ndipo akatoka, bila taulo, akaja hadi kitandani akipapasa kwa sababu hana miwani, na kumnyooshea Yaqin vidole. Vilikuwa vimekunjamana kama zabibu kavu.

“Leo nimelowa,” akasema. “Sugua.”

“Mgongo wako una vidonda.”

“Basi sugua miguu.”

Yaqin akavaa glavu. Akaanza na nyayo.

“Unajua anavyosema mkwe wangu akila supu yangu?” Tan Yuelan akaanza, macho yakitazama dari. “Anasema, ‘Tamu, Mama.’ Halafu anaongeza, ‘Mama yangu huipika vingine.’ Kila supu. Nikimfulia koti, mama yake hulifua kwa chumvi. Akiugua mafua, kuna kitu mama yake humfanyia nyuma ya masikio. Miaka mitatu, dada. Mimi nakaa na wewe ndani ya nyumba yangu miaka mitatu na sijakuona ana kwa ana!”

Yaqin akaacha kusugua.

“Unadhani nimekuja kuona barafu? Jokofu ninalo. Kanisa nimeona picha. Nilikuja kumwona huyo Mama Yangu ana nini mimi sina. Nafika uwanja wa ndege, namwona mtu mfupi hana kofia, ana sauti kama king'ora, ameinama anatafuta kitu sakafuni. Nikasema, ndiye huyu?”

Guixia, aliyekuwa anasikiliza bila kujificha, akacheka hadi akamwagia mteja wake maji usoni.

“Kwa hiyo na wewe una wivu,” Yaqin akasema.

“Nimekuja nao toka Nanning. Nimeulipia nauli.”

“Mimi wangu ni mkubwa zaidi.”

“Mgongo wangu unajua.”

Yaqin akampiga kofi jepesi ubavuni. Mgeni akageuka bila kuuliza. Vidonda vilikuwa vimeanza kukauka. Yaqin akavua glavu, akachota kwenye bakuli maziwa ya uvuguvugu, yale wanayopakwa wateja baada ya kusuguliwa, akampaka kwa kiganja kitupu, polepole, akiziruka zile sehemu mbili za begani. Akaomba radhi. Anasema ilikuwa mara ya kwanza kuomba radhi kwenye kitanda hicho, na ilimtoka kwa shida kama jino.

Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yalipoanza, na yalikuwa ya kibiashara.

“Chumba ni kimoja,” alisema Tan Yuelan.

“Najua ni kimoja.”

“Na kitanda ni kimoja.”

“Kipana?”

“Futi tano.”

“Tutalala mzungu wa nne,” akasema Yaqin. “Miguu yako nimeshaisugua, nitaivumilia.”

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko kitanda: mwenye mamlaka ni nani. Supu ya nani, uji wa nani, nani anampokea mtoto, nani anamwogesha. Walibishana hadi maziwa yakapoa. Mwishowe wakakubaliana kupeana zamu kwa tarehe. Wa zamu anatawala kila kitu kuanzia alfajiri hadi alfajiri. Asiye wa zamu anapika wali na kunyamaza. Na siku mtoto atakapozaliwa, mwenye tarehe ndiye atakayesimama mlangoni kumpokea.

“Nani anachukua zipi?” akauliza Tan Yuelan.

Yaqin hakumpa nafasi ya kufikiri. Kaskazini kote mambo ya heri huja mawili mawili. Harusi huwa tarehe ya shufwa, zawadi hutolewa kwa jozi, hata mayai ya mzazi huhesabiwa kwa jozi. Nani angeacha bahati ichukuliwe na mtu wa siki?

“Shufwa ni zangu! Mbili, nne, sita, nane, zote zangu. Guixia shahidi.”

“Nimesikia,” akasema Guixia.

Tan Yuelan akashusha pumzi ndefu ya huzuni. “Haya. Wewe ndiye mzazi. Mimi nitabaki na za witiri, hata kama hazina bahati.”

Yaqin alimhurumia. Alimsindikiza hadi mlangoni, akamfunga skafu kwa mkono wake mwenyewe, akaizungusha mara mbili. Mchana walikwenda wote mji wa barafu. Mama mkwe alishuka mtelezo mara tatu akipiga mayowe, na mara ya tatu walishuka wawili, mmoja amemkumbatia mwenzake kiunoni, Xue akiwa chini amejishika tumbo na kuwafokea kwamba wamezeeka vibaya.

Alipoelezwa mkataba, Xue alishika kiuno. “Na mimi sikuulizwa?”

“Wewe kazi yako ni kuzaa,” wakamjibu kwa pamoja.

Alikunja uso, lakini lile neno “usije” hakulirudia tena. Siku ya mwisho, wakiwa uwanja wa ndege, alimkumbatia mama yake muda mrefu, tumbo likiwa katikati yao.

“Basi uje mapema, Mama. Daktari amesema tarehe kumi na saba Mei.”

Yaqin akaitikia vizuri. Akapiga hatua tatu. Akasimama.

Kumi na saba.

Alitazama upande wa pili wa ukaguzi. Tan Yuelan alikuwa ameshavua viatu, ameshapita, ameshavaa, na alikuwa anampungia mkono kwa uchangamfu ule ule wa siku zote, na kofia yake ya manyoya kichwani.

“Alikuwa anaijua tarehe,” Yaqin anasema, na hadi leo hasira zinampanda akisimulia. “Alilala pale kitandani kwangu, nampaka maziwa, na anaijua! Akashusha pumzi ya huzuni! Halafu nikafika nyumbani nikahesabu vizuri. Mei ina siku thelathini na moja. Baada yake ni Juni mosi. Witiri mbili mfululizo! Amenipiga hapo pia.”

“Nilikuwa shahidi,” Guixia anadakia kutoka kitanda cha pili. “Mkataba ni mkataba.”

“Wewe nyamaza.”

Likizo ameshaomba, na mwenye bafu amekubali kwa kuwa mwezi wa tano wageni hupungua. Atasafiri kwa treni kwa sababu ndege haitaruhusu mtama wote anaotaka kubeba. Amenunua glavu mpya mbili, laini, za watoto. Moja ni ya Tan Yuelan. Anasema alifikiri sana kabla ya kununua ya pili.

Anachoomba sasa ni kitu kimoja tu. Jioni, wateja wakishapungua, hukausha mikono, akaenda kukaa kwenye ngazi za ukumbi na kumpigia binti yake simu ya picha. Leo pia amepiga. Xue anaonekana amelala kwenye kochi, amechoka. Kabla ya salamu kwisha mama yake anamwambia aisogeze simu tumboni.

“Mama, tena?”

“Sogeza.”

Kioo kinajaa gauni la maua.

“Wewe humo ndani,” Yaqin anaanza. “Ni bibi yako wa Harbin. Usiwe na haraka, unasikia? Huku nje kuna baridi, kaa hapo hapo. Siku moja tu ya ziada. Kumi na nane ni tarehe nzuri sana.”

Kutoka jikoni, Nanning, sauti laini kama ya kubembeleza inapaa ghafla.

“Kumi na saba, mjukuu wangu! Sikiliza daktari! Kumi na saba!”

Yaqin anaisogeza simu hadi inagusa midomo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anashusha sauti.

“Usimsikilize wa jikoni. Njoo kumi na nane. Utanikuta mlangoni.”